Flett Yupi?

Ishbel Cowie alikuwa anachimba kaburi lake mwenyewe kwa kijiko cha chai, katikati ya pudingi ya tende.

Kijikaratasi kilikuwa kimebandikwa kwenye friji ya jikoni mwa hoteli ya Nanga Mbili, kwa mwandiko wa Bwana Gourlay, meneja mpya aliyehamia kutoka Glasgow baada ya Krismasi. "James Flett. Jumamosi saa kumi na moja jioni. Watu wawili. Meza ya dirishani. Pudingi iwe na shimo katikati, pete nitaitia mimi na kumwagia tofi juu. Nitapiga kengele. SIRI."

Siri, na anaandikiwa mwokaji. Ishbel angecheka, kama si yeye mwenyewe atakayewekewa pudingi hiyo.

Jumatatu Jamie Flett, ambaye kwenye hati ni James, alikuwa amesimama mlangoni kwake, mafuta ya injini yakiwa bado kwenye kucha, akasema bila hata salamu, "Jumamosi tule Nanga Mbili. Saa kumi na moja. Tukae kule mbele, kama watu." Ishbel akasema sawa. Alisema sawa kwa sababu alimpenda, na kwa sababu Jamie alikuwa amesubiri mwaka mzima kusema maneno hayo machache. Jumatano akakikuta kijikaratasi.

Tatizo halikuwa Jamie. Jamie angemuuliza jikoni kwake, huku wanamenya viazi, angejibiwa kabla swali halijaisha. Tatizo lilikuwa kengele.

Miaka sita nyuma kengele hiyo hiyo ya shaba, ile iliyoning'inia juu ya kaunta, ilipigwa kwa ajili yake. Colin, mpenzi wake wa wakati ule, alikuwa amepiga goti kwenye zulia la Nanga Mbili, na watu arobaini wakashika uma zao hewani wakimngoja Ishbel aseme neno. Akasema ndiyo. Walipiga makofi mpaka sahani zikatetemeka. Wiki tano baadaye alirudisha pete, kwa sababu neno lile la ndiyo alikuwa amewapa wale watu arobaini, hakumpa Colin. Siku hizi Colin yuko Kanada, amenenepa, ana watoto watatu na raha zake. Mji wa Portgorran ulikuwa bado unamlilia.

Tangu siku hiyo Ishbel hakuingia Nanga Mbili kwa mlango wa mbele. Alipeleka pudingi zake kwa mlango wa jikoni, akaondoka kwa mlango wa jikoni. Na tangu alipoanza kutoka na Jamie walikula Elgin, au mji wowote ambako hakuna aliyewajua.

Isitoshe, kulikuwa na Bi Wilma Flett, mama yake Jamie, mjane mwenye koti la buluu na mdomo usiopindisha neno. Alikuwa amesema mbele ya foleni nzima ya duka la mikate, Ishbel akiwa hatua tatu nyuma yake: "Mwanamke anayesema ndiyo mbele ya watu na hapana nyuma yao, mimi mwanangu simpi."

Kwa hiyo leo, kengele ikilia, Ishbel atakuwa na njia mbili tu. Akisema ndiyo kwa kuwaogopa watu, atakuwa amerudia kosa lile lile. Akisema hapana, atampoteza mwanamume pekee aliyewahi kumtaka kwa akili zake zote, na Bi Wilma atakuwa amepata ushahidi. Alilainisha ukingo wa lile shimo kwa kidole, akafunika pudingi, akaenda nyumbani kuvaa.

*

Jamie alimpitia saa kumi na dakika arobaini. Alikuwa amejisugua kucha mpaka zikawa nyekundu. Waliteremka kuelekea gati, jua la Mei likiwa bado juu kabisa na shakwe wakigombania kipande cha chipsi barabarani.

"Umenyamaza," Jamie alisema.

"Nina njaa."

"Wewe ukiwa na njaa unagomba. Hunyamazi."

"Jamie, kukiwa na watu wengi, tunaweza kurudi?"

"Watu watakuwa wengi. Ni Jumamosi. Ndiyo maana tunaenda." Alimshika mkono, hapo hapo barabarani, mbele ya dirisha la duka la dawa. "Nimechoka na samaki wa Elgin, Ishbel. Kila nikitaka kukutazama unakula, lazima niendeshe gari maili ishirini."

Moyo wa Ishbel ulivimba kwa mapenzi na kwa hofu. Alitaka kumwambia, nakuomba usinipigie kengele. Lakini ataanzaje kumkataza mtu jambo ambalo anadhani ni siri yake? Wakafika mlangoni kabla hajapata pa kuanzia.

Bwana Gourlay aliwafungulia kwa tabasamu pana. "Karibuni, karibuni. Kwa jina la nani?"

"Flett. James."

Tabasamu likakauka. Bwana Gourlay alitazama daftari lake, akatazama meza ya dirishani, akarudi kwenye daftari. "Lakini James Flett ameshafika."

Kwenye meza ya dirishani alikuwa ameketi mzee mmoja aliyefunga tai, nywele nyeupe zimelazwa kwa maji. Mji mzima ulimwita Karoti, kwa ajili ya nywele nyekundu alizokuwa nazo zamani. Na mbele yake, mkoba mapajani, koti la buluu limefungwa vifungo vyote, alikuwa Bi Wilma.

"Mama?" Jamie alisema.

"Nimekuja kula samaki," Bi Wilma alisema. "Kuna sheria?"

Bwana Gourlay alikuwa anafunua kurasa kama mtu aliyepoteza pasi ya kusafiria. "Ulipiga simu Jumapili. Halafu Jumanne ukapiga tena, nikadhani unathibitisha."

"Mimi nilipiga Jumapili," Jamie alisema.

"Nami Jumanne," Mzee Karoti alisema kwa sauti ndogo.

Kwenye kaunta, Dod, mvuvi anayetega kamba wa baharini kwa vizimba, aliweka glasi yake chini kwa huruma kubwa. "Meneja, hukuuliza Flett yupi?"

Baa nzima ikacheka. Portgorran nusu ya watu ni Flett na nusu ni Cowie, na wanaume wote wamepewa majina manne yale yale, kwa hiyo kila nyumba ina jina lake la pembeni. Kuna Flett Karoti. Kuna Flett Taa, watu wa kina Jamie, kwa kuwa babu yao ndiye aliyewasha taa ya gati. Bila jina hilo hata barua haifiki. Mtoto wa shule ya chekechea anajua kuuliza Flett yupi.

Ishbel alisimama pale akihisi uso unamwaka. Tangu aote meno alikuwa anauliza swali hilo, na Jumatano, mbele ya friji, hakuuliza. Moyo wake ulikuwa umeshajibu. Sasa wapo James Flett wawili chumba kimoja, na mmoja wao ana pete. Yupi?

"Meza nyingine zimejaa," Bwana Gourlay alisema kwa unyonge. "Labda, kwa kuwa ni familia..."

"Sisi si familia," Bi Wilma na Ishbel walisema kwa pamoja.

Lakini Jamie alikuwa ameshavuta viti viwili.

*

Chai ilikuja na birika lake, mkate na siagi, chipsi, halafu samaki wanne aina ya hadoki waliokaangwa kwa chenga za mkate, kila mmoja mkia umetokeza nje ya sahani. Bi Wilma alimmiminia kila mtu chai isipokuwa Ishbel, kisha, baada ya Jamie kumkazia macho, akammiminia na Ishbel.

"Naona siku hizi unakula huku mbele," alisema.

"Nimeambiwa samaki ni yule yule, Bi Wilma."

"Samaki ni yule yule. Wanaobadilika ni watu."

"Mama," Jamie alisema.

"Mama nini? Tunazungumza habari za samaki."

"Na wewe," Jamie alimwambia, "tangu lini unakula na Mzee Karoti?"

Bi Wilma alikata mkia wa hadoki kwa uangalifu mkubwa. "Tangu huko Elgin mnakokwenda ninyi. Na sisi tunakwenda Nairn. Alhamisi. Ulidhani kule kwenye kwaya ninaimba mpaka saa mbili?"

Jamie alibaki na chipsi mkononi. Mzee Karoti aliitazama sahani yake, masikio yamewiva.

Hapo ndipo Ishbel alipoanza kutazama vizuri. Mzee Karoti hakuwa amemgusa samaki. Kila dakika alishika fundo la tai, akatazama mlango wa jikoni, akaiacha tai, akaishika tena. Jamie alikuwa amemaliza samaki wake, amekula nusu ya chipsi za Ishbel, na sasa anainyemelea sahani ya mama yake. Ishbel alimjua Jamie. Siku ya mtihani wa leseni ya injini hakuweza kumeza hata chai. Mtu mwenye hamu ya kula namna hii hana pete popote.

Si yeye. Pete si yangu.

Ahueni ilimshukia. Alitamani kuinama aibusu mikono ya Jamie pale pale, mikono yenye kucha nyekundu, kwa kutompigia kengele. Alikuwa amemleta kula samaki. Kumbe ndivyo alivyosema tangu Jumatatu, na ndivyo alivyomaanisha.

"Unacheka nini?" Jamie aliuliza.

"Kula chipsi zangu," Ishbel alisema. "Kula zote."

Kisha kengele ikalia.

Bwana Gourlay aliivuta mara tatu, kwa nguvu. Vijiko vikanyamaza. Meneja akatoka jikoni na sahani ameiinua juu, tofi inateremka pembeni mwa pudingi, akapita katikati ya meza akitabasamu kulia na kushoto. Alifika dirishani, akawatazama wale wanne, na kwa kuwa pete aliletewa kwenye bahasha yenye jina la James Flett tu, naye alikuwa mtu wa Glasgow aliyejua mapenzi ni mambo ya vijana, akaiweka mbele ya Ishbel.

Chumba kizima kikageuka. Mtu mmoja nyuma alisema, "Mungu wangu, tena yeye," na mwingine akamnyamazisha. Uma zilikuwa hewani. Ishbel aliziona, kama alivyoziona miaka sita iliyopita.

"Mimi sikuagiza pudingi," Jamie alisema.

Mzee Karoti alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kitini. "Kijana," alimwambia meneja, "hiyo... hiyo ni ya..." Akamtazama Bi Wilma.

Bi Wilma alielewa. Ishbel alimwona anavyoelewa. Vidole vyake vikaukamata mkoba kama kuna anayetaka kuunyang'anya. Macho yake yalizunguka chumba: watu wa kwaya, watu wa foleni ya mkate, Dod na glasi yake. Hofu iliyokuwa machoni mwake Ishbel aliijua vizuri. Aliwahi kuibeba mwenyewe, katika chumba hiki hiki.

Angeweza kuisukuma sahani upande wa pili wa meza, basi, ikawa zamu ya mwingine. Na nani angemlaumu? Lakini alishika sahani kwa mikono miwili akasimama.

"Samahanini jamani," alisema kwa sauti ya kufika mpaka kaunta. "Kuleni tu chakula chenu. Hii pudingi nimeioka mimi na nimeiharibu. Nimekumbuka sasa hivi. Nimetia chumvi badala ya sukari."

Halafu kicheko kikapasuka, kikubwa, kutoka kaunta mpaka mlangoni.

"Miaka kumi anaoka," Dod alisema, "na bado chumvi haijui."

"Ishbel, wiki ijayo utuletee na pilipili," mwingine akapokea.

Mwokaji hana mali nyingine isipokuwa mkono wake, na Ishbel alijua mzaha huo utamfuata mpaka Krismasi na kuendelea. Alipita katikati yao amebeba sahani, akasukuma mlango wa jikoni kwa bega. Nyuma yake uma zilikuwa zimeshaanza kugonga sahani tena.

*

Hakuwa ameweka sahani chini vizuri mlango ulipofunguka. Bi Wilma aliingia, akachukua kijiko kwenye beseni la vyombo safi, akachota ukingo wa pudingi, akaonja.

"Haina chumvi."

"Haina."

"Watakucheka mwaka mzima."

"Wamezoea kunisema mengine. Afadhali hili."

Bi Wilma alivuta stuli ya mpishi akakaa, mkoba mapajani. Ishbel aliona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa amepaka rangi ya mdomo, kidogo tu, na imekwenda upande.

"Nampenda yule mzee," Bi Wilma alisema. "Nilitaka ujue. Mtu anaweza kudhani simpendi, kwa jinsi nilivyoshikwa na baridi pale. Lakini waliponitazama wote, sikumwona tena. Niliwaona wao. Ningesema ndiyo ili waendelee kula."

Ishbel alichukua taulo la vyombo, akafuta tofi pembeni mwa sahani.

"Ndivyo ilivyokuwa kwako? Na yule Colin?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Bi Wilma alitikisa kichwa taratibu. "Na mimi nikakusema kwenye foleni ya mkate."

"Nilikuwa nyuma yako."

"Nilijua uko nyuma yangu. Ndiyo maana nilipaza sauti." Alikiweka kijiko chini. "Nisamehe, binti."

Neno hilo halikuwa limezoea kutoka mdomoni mwake, lakini lilitoka zima. Ishbel alijikuta anafuta macho kwa pembe ya taulo la vyombo, na taulo lilikuwa linanuka vitunguu, kwa hiyo akalia zaidi, akacheka, na Bi Wilma naye akacheka.

Mzee Karoti alichungulia mlangoni. "Wilma, nimekuaibisha? Yule kijana aliniambia kengele ni kitu cha siku hizi."

"Njoo ndani, mpumbavu we. Funga mlango."

Aliingia. Alisimama kati ya sinki na gunia la viazi, mikono imening'inia, mtu mzima wa miaka sitini na tisa. Bi Wilma alichimba katikati ya pudingi kwa kijiko mpaka kikagonga kitu. Akaitoa pete, imejaa tofi, akaisuuza bombani, akaikausha kwa sketi yake.

"Sasa niulize," alisema. "Hapa hakuna mtu."

Ishbel alikuwa ameshatoka.

*

Jamie alikuwa amebaki peke yake dirishani na sahani nne. Alimtazama Ishbel tangu alipotoka jikoni mpaka alipoketi, kwa macho ambayo Ishbel aliyazoea Elgin tu, chini ya taa hafifu. Sasa yalikuwa kwenye mwanga wote wa jua, na watu wakipita nje.

"Hujawahi kukosea sukari na chumvi maisha yako yote," alisema.

"Hapana."

"Ulijua kuna pete."

"Tangu Jumatano. Nilidhani ni yako."

Jamie alifikiria hilo. Masikio yake yakaanza kuwiva kama ya Mzee Karoti. "Na bado ukaja?"

"Uliniambia tule. Nikaja kula."

"Ningekuwa mimi, ungesema nini?"

"Ningekimbia mpaka gatini."

"Na kama..." Alishusha sauti. "Kama siku moja mtu akikuuliza bila kengele? Bila pudingi. Bila Dod."

Ishbel alifungua mdomo, lakini Bi Wilma na Mzee Karoti walikuwa wametokea, wamevaa makoti. Mkono wa kushoto wa Bi Wilma ulikuwa ndani ya mfuko wa koti na hakuutoa, lakini uso wake ulikuwa umelainika mpaka watu wa kwaya wakaanza kugusana viwiko. Alisimama karibu na kiti cha Ishbel, akamwekea mkono begani, hapo mbele ya mji mzima.

"Mwanangu, mimi nahama nyumba," alimwambia Jamie. "Jina la Flett litabaki, la Taa ndilo ninaloliacha. Nitakuwa Karoti, Mungu anisaidie." Kisha akainama kidogo kwa Ishbel. "Kwa hiyo kina Taa hawana mwanamke tena. Nisingependa jina lile likae bure."

Akatoka, mzee wake akimshikia mlango.

Jamie alikuwa anachora kitu mezani kwa uma, akafuta kwa kidole, akachora tena. Ishbel alimwacha achore. Nje jua lilikuwa limefika kwenye milingoti ya mashua, na alijisikia mwepesi, mwepesi wa kuweza kula samaki mwingine mzima.

Bwana Gourlay alikuja na daftari, kalamu sikioni, amenywea. "Nimewaharibia jioni. Jumamosi ijayo niwawekee meza hii hii? Na safari hii nauliza." Akakohoa. "Flett yupi?"

Jamie alivuta pumzi ya kujibu, lakini Ishbel alimtangulia.

"Flett Taa," alisema. "Watu wawili."

Bwana Gourlay aliandika, akashukuru, akaenda zake kwenye meza nyingine. Dod alikuwa anasimulia habari ya chumvi kwa mara ya tatu. Hakuna uma uliosimama, hakuna kichwa kilichogeuka. Jamie peke yake ndiye aliyekuwa ameacha kula.